Kibali cha Siku Kumi

Pothia, Kalymnos
4 Septemba 2018

Kwako Sakellaris, mdogo wangu,

Salamu zangu na za Mama zikufikie huko Darwin, na zikukute mzima. Sisi huku tunapumua, tunashukuru. Joto la Agosti limetukausha mpaka visima, zabibu zimeiva mapema, na paka wa Mama amezaa tena ndani ya kabati la mashuka.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu Mama hasikii tena kwenye simu. Anasema sauti yako inatoka kama ya kuku ndani ya debe. Anataka barua, nimsomee sikioni.

Sasa jambo lenyewe. Mama alianguka tarehe kumi na mbili Agosti akimwagilia mrehani wake uani. Nyonga imevunjika. Daktari ananiambia kwa miaka tisini na moja mfupa hauungi vizuri, basi tumtunze tu. Macho, unajua, yalishaondoka. Kila asubuhi nikimpa kahawa ananiuliza, "Sakellaris amepanda ndege?" Namwambia bado. Anasema, "Mwambie sitamsubiri sana."

Miaka kumi hujakanyaga hapa. Njoo Krismasi. Ikishindikana, njoo Pasaka. Chumba chako nimekipaka chokaa.

Habari nyingine si nyingi. Mimi siku hizi nasali misa ya alfajiri, ile ya saa kumi na mbili, kwa sababu ya miguu yangu. Kiangazi hiki watu wengi wa huko kwenu walikuja likizo. Hata Sevasti, mjukuu wa Kalotina, alikuwepo, ameondoka tarehe ishirini. Amekuwa mtu mzima.

Dada yako,
Themelina


Darwin
2 Oktoba 2018

Dada Themelina na Mama yangu kipenzi,

Nawasalimu kwa mikono miwili. Mimi sijambo, ila goti la kushoto, hilo la kupigia magoti sakafuni, linanisumbua. Fundi wa vigae akizeeka huanza kuoza magotini. Huku mvua zinakaribia, mawingu yanapanda kila jioni halafu yanaondoka bila kudondosha tone.

Mama, pole sana. Kaa kitandani, usimsumbue Themelina. Mwambie akuchemshie supu ya samaki kama ya Baba.

Dada, Krismasi haiwezekani. Tuna kazi kubwa ya hospitali, mabafu arobaini, na bosi hatanipa ruhusa. Halafu pasipoti yangu imeisha muda, na ofisi wanachelewesha. Nikipata nitasema. Msinisubirie kwa tarehe.

Mrehani umwagilie wewe.

Sakellaris


Pothia
11 Novemba 2018

Mdogo wangu,

Barua yako imefika tarehe tano, nikamsomea Mama mara tatu. Amecheka kuhusu supu, halafu akalia. Hatujambo. Mvua ya kwanza imenyesha na barabara ya kwetu imekuwa mto kama kawaida.

Mwana wa Mikes, yule mwenye duka la rangi huko kwenu, alipotelewa na pasipoti. Mama yake ananiambia alipewa mpya kwa wiki tatu. Yako ina nini? Na wewe umezaliwa hapa. Nenda ubalozini wakupe ya Kigiriki, uwaambie mama yako anakufa. Mama mwenyewe ndiye amesema niandike hivyo, neno "anakufa" limetoka kinywani mwake.

Daktari amebadilisha dawa ya maumivu. Analala sana mchana.

Kama kuna kitu, Sakellaris, mimi ni dada yako. Nilikubeba mgongoni mpaka ukafikisha miaka minne. Niambie.

Themelina


Darwin
20 Januari 2019

Mama, Dada, heri ya mwaka mpya. Nimechelewa kuandika, mnisamehe. Mvua imeshuka yote kwa pamoja, vyura wanalia mpaka ndani ya mabomba. Nilikula Krismasi nyumbani, nilijipikia mchele kwenye majani ya mzabibu, yakanichanikia. Mama, nakuota karibu kila siku. Nafanya mipango. Nikishapata karatasi fulani nakuja.

Sakellaris

(Dada, ukurasa huu wa pili usimsomee Mama.)

Themelina, sikuwa mkweli. Pasipoti haikuisha muda. Waliifuta.

Kuna sheria huku, imeanza mwishoni mwa mwaka juzi. Mtu mwenye aina fulani ya kesi, jina lake likiwa kwenye daftari la polisi, haruhusiwi kutoka nchini mpaka miaka yake ya kuripoti polisi iishe, na yangu ni kumi na mitano. Ya Kigiriki pia haisaidii. Kuondoka bila kibali ni kosa, na wanarudisha mtu ndani.

Kulikuwa na kesi miaka ile. Mambo yalikuzwa. Msichana mmoja wa kikundi cha ngoma, nilipokuwa nafundisha watoto kwenye ukumbi wa jumuiya. Wakili aliniambia nikubali ili mambo yaishe haraka. Siwezi kueleza kwenye barua. Miaka ile mitatu sikuwa mgodini kama nilivyowaandikia.

Sasa nisikilize. Mzazi akiwa mahututi, mkuu wa polisi anaweza kutoa kibali cha kusafiri. Nimeomba siku kumi. Wanataka barua ya daktari, ya padri, na ya ndugu wa familia atakayenipokea, aseme nitalala kwake, na ajibu maswali yao. Huyo ndugu ni wewe. Fomu nimeiweka humu, nimeipeleka kwa mkalimani akaigeuza Kigiriki.

Nisaidie, Dada. Naona aibu hata kuandika jina langu chini hapa.


Pothia
3 Mei 2019

Sakellaris,

Kristo amefufuka. Pasaka imepita, vijana wamelipua baruti zao mlimani pande zote mbili za bandari, na safari hii kioo cha jikoni kimepasuka. Mama aliyasikia mabomu, ndicho kitu pekee anachosikia bila kupigiwa kelele. Aliniambia, "Baba yako alikuwa anarusha makubwa kuliko hayo." Hali yake inashuka taratibu, lakini chakula anakula.

Umengoja miezi mitatu. Najua. Barua hii nimeianza mara nane.

Sikushtuka, Sakellaris. Nilikuwa najua. Najua tangu Novemba 2013.

Kisiwa hiki na huko kwenu ni kama nyumba moja yenye milango miwili. Ulidhani habari itaishia wapi? Kalotina alikuja getini kwangu siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, mkononi ana mfuko wa malimau kana kwamba katoka sokoni tu. Aliniambia, "Themelina, kaka yako yuko gerezani. Mtoto ni Sevasti wangu." Hakupandisha sauti. Nadhani alikuja kwangu kwa sababu tulisoma darasa moja, alitaka mtu wa kulia naye.

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Mngemchunga mtoto wenu, yasingetokea." Nikafunga mlango. Nilibaki nyuma ya mlango nikisikia nyayo zake, alivyoshuka ngazi moja moja, na goti lake bovu.

Miguu yangu haina kitu. Naenda misa ya alfajiri kwa sababu Kalotina huenda ya saa mbili. Mkate nanunua mtaa wa juu. Miaka sita natembea kwenye mji niliozaliwa kama mwizi anayejua mwenye mali.

Na barua zako za mgodini nilimsomea Mama neno kwa neno. Vumbi jekundu, joto, chakula kibaya, wanaume wanaopiga kelele. Ulilieleza gereza vizuri sana, ulibadilisha jina tu. Mama alikuwa anakuombea usiangukiwe na mwamba.

Nilikutajia Sevasti kwenye barua ya kwanza makusudi. Nilitaka nione utasema nini. Hukusema kitu. Januari umeandika "msichana mmoja".

Daktari ameshaandika barua yake, padri ameahidi. Fomu yako iko mezani. Kuna swali la kumi na moja: je, mtu aliyetendewa kosa, au jamaa yake, anaishi au hutembelea mahali hapo? Sijajaza. Kabla sijashika kalamu, niandikie wewe. Ulimfanya nini, na jina lake nani.

Themelina


Darwin
27 Mei 2019

Dada,

Salamu. Mimi mzima.

Unataka nini hasa? Nijichome moto uangalie? Nilishahukumiwa. Miaka mitatu nimekaa humo ndani. Mke wangu aliondoka na fanicha. Nikinunua simu nawaambia polisi, nikibadilisha gari nawaambia, hata nikinyoa masharubu nawaambia. Wanakuja kunikagua mchana kweupe, majirani wako barazani. Ukumbini sikanyagi, kanisani sikanyagi, wenzetu wakiniona sokoni wanageuza kigari chao. Sasa na wewe unanifanyia mtihani.

Sikuomba kuja kucheza ngoma. Ni siku kumi, nimuone Mama, nimshike mkono, basi. Nitakaa ndani. Sitatoka hata kununua sigara. Huyo msichana huondoka tarehe ishirini Agosti, wewe mwenyewe uliandika. Mimi nitakuja Septemba. Jaza "hapana" kwenye swali la kumi na moja, maana Septemba itakuwa kweli hapana. Nani ataumia?

Mama akifa kabla sijafika, hilo litakuwa lako, Themelina.

Sakellaris


Pothia
24 Julai 2019

Sakellaris,

Mama anakusalimu. Hapana, nafuta hilo. Sitaki tena kukuandikia uongo wa adabu. Nitakueleza yaliyotokea kwa mpangilio, na wewe usome mpaka mwisho.

Barua yako ilifika katikati ya Juni. Nilikasirika, halafu nikaogopa, halafu nikachukua kalamu. Ndiyo, nilijaza. Niliandika "hapana" kwenye namba kumi na moja, kwa mkono wangu huu. Nikakunja fomu nikaiweka ndani ya bahasha pamoja na barua ya daktari. Nilipanga kuituma Jumatatu.

Jumamosi ile mwokaji wa mtaa wa juu alikuwa kafunga, binti yake anaolewa. Ikabidi nishuke bandarini. Nimesimama kwenye foleni, nikasikia nyuma yangu, "Shangazi Themelina?"

Miaka yote hakuna aliyeniita shangazi. Nikageuka, ni Sevasti. Ana miaka ishirini sasa. Nywele kakata fupi, mabega yameungua na jua, kavaa kandambili. Ameshika mkate chini ya kwapa.

Akaniuliza, "Nasikia anakuja. Ni kweli?"

Daktari kaongea, au mke wa padri, sijui. Nikasema, "Nani kakwambia?"

"Kila mtu ananiambia kwa kuninyamazia. Nikiingia dukani wanaacha kuongea. Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye utakayempokea."

Nikasema, "Ni siku kumi tu, mwanangu. Septemba. Utakuwa umeshaondoka."

Akacheka kidogo, si kicheko cha furaha. "Mwaka huu siondoki. Bibi amefanyiwa operesheni ya jicho, nakaa naye mpaka Desemba. Nataka tarehe tu, ili nikate tiketi mapema."

"Kwa nini uondoke wewe?" Neno hilo lilinitoka bila kulifikiria.

Akaniangalia, Sakellaris. Hakuniangalia kwa chuki. Aliniangalia kama anavyoangaliwa mtu aliyechelewa darasani. Akasema, "Shangazi, Darwin nageuka nyuma kila nikitembea. Nikisikia gari la mizigo linapunguza mwendo, nageuka. Hapa nilikuja kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka kumi na saba, na siku ya tatu nikagundua nimetembea toka nyumbani mpaka ufukweni sijageuka. Nilikaa chini nikalia. Mwaka juzi sheria ilipotoka, polisi walimwambia mama kwamba kaka yako hawezi kuvuka mpaka. Ndiyo maana nakuja huku."

Muuza mkate akaniuliza nataka mingapi. Sikumbuki nilijibu nini. Sevasti alishaondoka, na mkate wake alikuwa kauweka juu ya kaunta akausahau.

Nikauchukua. Nikapanda nao ngazi mpaka kwa Kalotina, saa tano asubuhi, watu wote wananiona. Alikuwa kwenye kiti chake uani, jicho limefungwa bandeji. Nikasimama getini, nje.

Nikasema, "Kalotina, ni mimi, Themelina."

"Jicho moja linaona," akasema. "Unataka nini?"

"Nimeleta mkate wa Sevasti. Na nimekuja kusema kwamba sitaandika ile barua ya kumpokea. Hatakuja. Na lile neno nililokwambia getini kwangu, nimelikumbuka kila siku."

Kisha akasema, "Mimi pia nimelikumbuka kila siku. Umechelewa miaka sita."

"Najua."

"Sikukaribishi ndani."

"Sikuja kukaribishwa."

"Basi weka mkate hapo ukutani, kuna kivuli."

Nikauweka, nikarudi nyumbani. Fomu yako nimeichana. Najua Mama anaweza kufa bila wewe, na ulishaniandikia litakuwa la nani. Sawa, ni langu. Nalichukua.

Bado kuna Mama. Aliniuliza tena asubuhi yake, "Amepanda ndege?" Nikainama sikioni nikamwambia hatakuja, nikamwambia na sababu. Ilibidi niseme kwa sauti kubwa, Sakellaris. Unaelewa? Mama hasikii. Nilipiga kelele aibu yetu mpaka mtaani, dirisha liko wazi, mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hakupata vizuri.

Akauliza, "Alikuwa na miaka mingapi?"

Nikasema, "Kumi na tatu."

Akageukia ukutani. Siku mbili hakula. Siku ya tatu akaomba kahawa, akanywa yote, akasema, "Barua zake usinisomee tena."

Themelina


Darwin
9 Septemba 2019

Themelina,

Barua hii ni yako, na unaweza kumpa yeyote unayeona anastahili kuisoma.

Mara nne nimekwenda posta kukutumia majibu, na mara nne nimerudi nayo. Yalikuwa majibu ya kujitetea. Nimeyatupa.

Uliniuliza maswali mawili.

Anaitwa Sevasti. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Wazazi wake walinikabidhi nimfundishe ngoma na nimrudishe nyumbani baada ya mazoezi, kwa sababu wote wawili walikuwa wanafanya kazi mpaka jioni na mimi nilikuwa mtu wa kwao. Nilimdhulumu mtoto yule. Haikutokea bahati mbaya na haikutokea siku moja. Nilichagua siku. Nilimwambia akisema hakuna atakayemwamini, na nilijua namwambia hivyo kwa sababu gani. Hakuna kilichokuzwa. Mahakamani walisema machache kuliko yaliyokuwepo, kwa sababu hakuweza kuyasema yote, na mimi nilikaa pale nikishukuru kwamba hawezi.

Gari langu la mizigo bado ninalo, lile lile. Sikuwahi kufikiria kwamba anasikiliza magari.

Maombi ya kibali nimeyaondoa. Afisa aliniuliza kama mama yangu amepata nafuu. Nikamwambia hapana.

Usimsomee Mama.

Sakellaris


Pothia
30 Novemba 2019

Sakellaris,

Mama amefariki tarehe kumi na tisa Oktoba, Jumamosi, saa tatu asubuhi. Hukupata simu yangu kwa sababu sikupiga. Nilitaka, nikanyanyua, nikaweka. Unisamehe au usinisamehe.

Hakuteseka. Asubuhi hiyo alilalamika kahawa ni nyepesi. Nilipotoka jikoni na nyingine, alikuwa amekwenda. Tumemzika upande wa Baba. Wiki zile za mwisho hakulitaja jina lako, nakwambia ukweli kwa sababu umenitendea hivyo pia. Lakini siku moja nilipokuwa namchana nywele aliniuliza kama huko Darwin mvua zimeanza. Nikasema bado. Hakuuliza zaidi.

Mazishini nilitegemea watu kumi. Walikuja wengi kuliko nilivyostahili. Kalotina hakuja. Siku ya tisa, wakati nachemsha ngano ya maombolezo, alisukuma geti mwenyewe akaingia, akakaa kwenye kiti cha jikoni, akaanza kuchambua zabibu kavu na mimi. Tulichambua bakuli zima. Tuliongea habari za jicho lake na bei ya mafuta ya zeituni. Sijui kama huo ni msamaha, na sikumuuliza.

Alipotaka kuondoka nikampa barua yako ya Septemba. Nilimwambia, "Imetoka kwake. Jina limeandikwa." Aliisoma pale pale amesimama, kaiweka karibu kabisa na lile jicho zima. Kisha akaikunja, akaitia kifuani.

"Nitampa mwenyewe," akasema. "Akitaka kuisoma ataisoma. Akitaka kuwashia jiko, nitampa kiberiti."

Mpaka leo sijui Sevasti alichagua lipi. Namuona asubuhi akiteremka ufukweni na taulo begani, hata kwenye baridi hii. Huniambia habari za asubuhi, nami humjibu.

Sasa sikiliza, kaka yangu, maana sidhani kama nitaandika tena karibuni, nimechoka. Umeniambia zamani kwamba miaka yako ya kuripoti itaisha. Nimehesabu. Nitakuwa na miaka sabini na nane, nikiwa hai. Siku hiyo watakurudishia pasipoti, hakuna afisa atakayekuuliza swali la kumi na moja, na ndege zitakuwepo. Kaburi la Mama litakuwa hapa, na mimi pengine nitakuwa pembeni yake.

Usije. Wakati huo hakutakuwa na sheria ya kukuzuia, ndiyo maana nakuomba sasa. Jizuie mwenyewe.

Dada yako,
Themelina